Geji na umeme wa pikipiki: Hesabu itangulie urembo

PIKIPIKI iliyopambwa haijifichi barabarani. Usiku huonekana ikija kwa taa za rangi kuanzia magurudumu hadi kitini, muziki ukitangulia mbele yake, na machoni pa mwendeshaji kumewekwa geji mpya inayomulika tarakimu kama simu. Ni fahari ya mwenyewe, na kwa mhudumu wa bodaboda ni njia mojawapo ya kuvuta wateja.

Lakini fahari hiyo ina gharama isiyoandikwa kwenye bei ya dukani. Asubuhi inayofuata, pikipiki hiyo hiyo huweza kukataa kuwaka kwa sababu betri imekauka. Waya uliounganishwa kwa haraka huweza kupata joto, ukayeyuka na kuwasha moto chini ya tangi la petroli. Na geji inayodanganya huweza kumwambia mwendeshaji kwamba tangi limejaa ilhali limebakia tone, au kwamba anakwenda polepole ilhali amepita kiwango cha mwendo kinachoruhusiwa. Kwa mtu ambaye pikipiki ndiyo shamba lake, siku moja ya kukaa gereji ni siku ya kulala njaa.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua geji na vifaa vya umeme kwa pikipiki inayoundwa upya au kuongezewa vikorombwezo, hasa pikipiki ndogo za silinda moja zenye injini za ujazo wa sentimita 100 hadi 150, ambazo ndizo zilizoenea zaidi katika uchukuzi nchini Kenya.

Desturi ya kale

Tamaa ya kuibadilisha pikipiki haikuanza jana. Nchini Uingereza, vijana wa miaka ya 1950 na 1960 walikuwa wakikutana katika mikahawa ya kandokando ya barabara, maarufu zaidi ikiwa Ace Cafe jijini London, iliyofunguliwa mwaka wa 1938, ikafungwa mwaka wa 1969 na kufunguliwa tena mwaka wa 2001. Vijana hao waliondoa kila kitu kisichosaidia mbio. Walichokithamini mno ni kipimamwendo, kwa kuwa sifa yao ilitegemea kuuona mshale ukigusa maili 100 kwa saa, yaani takriban kilomita 161.

Nchini Kenya, safari ilikuwa tofauti. Bodaboda zilianza kwa baiskeli katika mpaka wa Busia miaka ya 1960, zikivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda, na baadaye pikipiki zikachukua nafasi hiyo. Hapa mapambo hayakuzaliwa na mashindano ya mbio bali na kazi. Taa za ziada ni za kumulika njia ya kijijini, chaja ya simu ni ya kupokea wateja na malipo, na king'ora cha kuzuia wizi ni cha kulinda mtaji.

Tofauti hiyo ina maana kubwa. Pikipiki ya mashindano hupunguziwa vifaa, lakini ya kazi huongezewa. Kila kinachoongezwa hula umeme, na umeme wa pikipiki una mpaka.

Umeme hutoka wapi

Wengi hudhani kwamba umeme wa pikipiki hutoka kwenye betri. Kwa hakika betri ni ghala tu. Mzalishaji ni koili zilizo kando ya injini, ambazo huzungukwa na sumaku injini inapofanya kazi. Umeme huo hupita katika kidhibiti ambacho mafundi hukiita regyuleta, nacho huugeuza uwe wa mkondo mmoja na kuuzuia usipite kiasi, kisha huingia betrini.

Pikipiki nyingi za leo hutumia mfumo wa volti 12. Betri nzima iliyojaa na kutulia huonyesha kati ya volti 12.6 na 12.8. Injini inapokimbia, kipimo hicho hupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Kisipopanda, betri haichajiwi. Kikipita volti 15, regyuleta imeharibika na betri inachemshwa.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi. Katika pikipiki nyingi ndogo za zamani, taa kubwa ya mbele haipati umeme wake kutoka kwenye betri. Huupata moja kwa moja kutoka kwenye koili, ukiwa ungali mkondo geu. Dalili yake ni taa kufifia injini inapotulia na kung'aa mafuta yanapoongezwa. Taa ya LED iliyotengenezewa umeme wa betri ikifungwa mahali hapo hupepesa au huungua upesi, na lawama humwangukia muuza duka bure.

Hesabu ya wati

Kabla ya kununua chochote, mwenye pikipiki anapaswa kujua koili zake huzalisha wati ngapi. Takwimu hiyo hupatikana katika kitabu cha mtengenezaji. Kisha ajumlishe wati za kila kifaa.

Tuchukue mfano wa pikipiki inayozalisha wati 100 injini ikiwa katika mwendo wa kawaida. Mfumo wa kuwasha injini uchukue wati 15, taa kubwa wati 35, taa ya nyuma wati 5 na dashibodi wati 5. Jumla ni wati 60. Wati 10 nyingine ziachiwe betri ili irudishe kile kilichotumika wakati wa kuwasha. Zinabakia 30, na humo humo ndimo taa ya breki na indiketa hupata riziki yao.

Sasa mwenyewe anunue taa mbili za kumulika za wati 20 kila moja, chaja ya simu ya wati 10 na redio ya wati 30. Ameongeza wati 80. Mahitaji yote yamefika 150, nayo mapato ni 100. Upungufu wa wati 50 hutolewa na betri, sawa na ampea 4 hivi kila saa. Betri ndogo ya ampea-saa 5 itakauka katika muda wa takriban saa moja, na itashindwa kuzungusha stata ya kuwashia hata kabla ya hapo. Kwenye msongamano wa magari hali huwa mbaya zaidi, maana injini iliyotulia huzalisha umeme mchache kuliko inayokimbia.

Wengine hudhani dawa ni kununua betri kubwa. Hilo ni sawa na kununua pipa kubwa ukitarajia mvua iongezeke. Betri kubwa huchelewesha tatizo tu, wala hailiondoi.

Dawa ya kweli ni kupunguza matumizi. Taa kubwa ya LED ya wati 18 ikichukua nafasi ya ile ya wati 35, wati 17 huokolewa. Taa za kumulika zikiwa za wati 10 badala ya 20, nyingine 20 huokolewa. Redio ikiachwa, mahitaji yote, pamoja na chaja na haki ya betri, hushuka hadi wati 83, na zinabakia 17 za breki na indiketa. Taa ya breki na indiketa nazo zikiwa za LED, kiasi hicho kinatosha.

Kipimamwendo

Geji ya kwanza kwa umuhimu ni kipimamwendo. Kuna aina mbili. Ya kwanza huendeshwa kwa kebo inayozungushwa na gurudumu la mbele. Ya pili ni ya elektroniki, ambayo huhesabu mipigo kutoka kwa sumaku ndogo iliyofungwa kwenye gurudumu.

Kwa aina ya kebo, kosa la kawaida ni kununua geji yenye uso mzuri bila kujali uwiano wake, yaani kebo hutakiwa kuzunguka mara ngapi ili geji ihesabu kilomita moja. Geji mbili zinazofanana kwa sura huweza kutofautiana kwa uwiano, na ile isiyooana na gurudumu itasoma uongo tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Kwa aina ya elektroniki, zikiwemo zile za kampuni za Koso na Acewell za Taiwan, mwenyewe huingiza mzingo wa gurudumu kwa milimita na idadi ya sumaku. Kuupata mzingo si kazi kubwa. Tairi hutiwa alama ya chaki mahali linapogusa sakafu, mtu hukaa kitini, pikipiki husukumwa hadi alama irudi chini, kisha umbali hupimwa kwa utepe. Kupima pasipo mtu kitini huleta kosa, kwa kuwa tairi hubonyea linapobeba uzito.

Kubadilisha ukubwa wa gurudumu la mbele hubadilisha hesabu yote. Ikiwa geji ilipangiwa mzingo wa milimita 1,800, na gurudumu jipya lina milimita 1,980, geji itasema kilomita 50 kwa saa ilhali pikipiki inakwenda 55. Kosa la aina hii ni hatari kuliko kinyume chake. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za magari hazikubali kipimamwendo kionyeshe mwendo ulio chini ya mwendo halisi. Kuzidisha kidogo kunaruhusiwa, kupunguza hakuruhusiwi.

Aidha, geji za mtumba kutoka Uingereza na Marekani mara nyingi husoma kwa maili. Mwendeshaji anayeona tarakimu 50 akadhani yumo ndani ya kikomo cha kilomita 50 kwa saa mjini, kwa kweli anakwenda kilomita 80. Kwa mtoto anayevuka barabara mbele ya shule, tofauti hiyo ni ya uhai na kifo.

Geji yoyote mpya ijaribiwe kwa kulinganishwa na kipimo cha setilaiti kilicho katika simu, kwenye barabara iliyonyooka na tambarare, mwendo ukiwa haubadiliki. Simu na ishikwe na abiria, si mwendeshaji.

Kipima mizunguko

Geji ya mizunguko ya injini huwavutia wengi kwa sura yake. Faida yake ni kumjulisha mwendeshaji wakati wa kubadilisha gia na kumkinga asiikamue injini kupita kiasi. Geji hii huhesabu cheche za plagi, na hapo ndipo kosa hujificha.

Injini ya silinda moja ya mipigo minne huchoma mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili. Hata hivyo, pikipiki nyingi ndogo hutoa cheche katika kila mzunguko, moja ikiwa ya kazi na nyingine ikipotea bure katika moshi. Geji iliyopangwa kwa hesabu isiyo yake itasoma nusu au maradufu. Ikiwa injini iliyotulia huzunguka takriban mara 1,400 kwa dakika, na geji inaonyesha 700 au 2,800, ni mpangilio ulio na kasoro wala si injini.

Geji za elektroniki huchanganyikiwa pia na mawimbi yanayotoka kwenye waya wa plagi. Plagi zenye kizuizi ndani yake, ambazo katika chapa kadhaa hutambulishwa kwa herufi R, hutuliza mawimbi hayo. Waya wa geji nao usipitishwe sambamba na waya wa plagi.

Mafuta, joto na volti

Geji ya mafuta ni mfano bora wa kwa nini geji na kipimo chake lazima viwe ndugu. Ndani ya tangi mna boya linalobadilisha ukinzani wa umeme, unaopimwa kwa omu. Kiwango kimoja kilichozoeleka Ulaya husoma omu 10 tangi likiwa tupu na omu 180 likijaa. Kiwango cha Marekani huenda kinyume, omu 240 kwa tangi tupu na 33 kwa lililojaa. Mtu akioanisha boya la Ulaya na geji ya Marekani, tangi tupu litasomeka kuwa limejaa, naye atapata habari akiwa gizani, mbali na kituo cha petroli.

Kwa hivyo, kabla ya kununua geji, boya la tangi lipimwe kwa mita ya umeme likiwa chini na likiwa juu, na tarakimu mbili hizo ziandikwe na kupelekwa dukani. Geji nyingi za kisasa huruhusu kuchaguliwa kwa kiwango. Ni marufuku kupeleka volti 12 moja kwa moja kwenye boya ili kujaribu, maana cheche moja ndani ya mvuke wa petroli yatosha kuleta msiba.

Kuhusu joto, injini nyingi za bodaboda hupozwa kwa hewa, hivyo geji ya joto la maji haina la kupima. Atakaye kujua joto la injini achague geji ya mafuta ya injini, yenye kipimo kinachofungwa mahali pa bolti ya kumwagia mafuta. Nyuzi za bolti hiyo lazima zioane kabisa, la sivyo mafuta yatavuja na injini kukwama.

Geji ambayo wengi huidharau, nayo ndiyo yenye faida kubwa kwa bei ndogo, ni ile ya volti. Humwonya mwenyewe mapema kwamba betri haichajiwi, au kwamba regyuleta imeanza kufa. Iunganishwe baada ya swichi ya ufunguo, isije ikala betri usiku kucha.

Taa na indiketa

Taa za LED hutumia umeme mchache na hudumu, lakini zina masharti yake. Balbu ya LED ikitiwa ndani ya kikombe cha taa kilichoundiwa balbu ya kawaida, mwanga hutawanyika na kuwapofusha wanaokuja mbele. Ni afadhali kununua taa nzima iliyoundwa kuwa ya LED, kisha kuirekebisha iangaze chini na mbele.

Indiketa nazo zina mkasa wake. Kifaa cha zamani kinachozipepesa hutegemea mzigo wa balbu. Balbu zikiondolewa na LED kuwekwa, indiketa hupepesa upesi mno au hazipepesi kabisa. Kanuni za kimataifa hutaka mipepeso kati ya 60 na 120 kwa dakika. Dawa ni kununua kipepesi cha elektroniki kisichotegemea mzigo. Ikiwa dashibodi ina taa moja tu inayoonyesha indiketa za kushoto na kulia pamoja, umeme huweza kupenya kupitia taa hiyo na kuzifanya indiketa zote nne kupepesa kwa wakati mmoja. Diodi mbili ndogo hutatua tatizo hilo.

Rangi nazo zina lugha yake barabarani. Nyeupe huwa mbele, nyekundu nyuma, na rangi ya machungwa huwa ya indiketa. Pikipiki yenye taa nyekundu mbele humfanya dereva wa lori adhani inakwenda ilhali inamjia. Taa za bluu zinazopepesa na ving'ora viachiwe polisi na magari ya dharura.

Nyaya, fyuzi na rilei

Fundi mwema hujulikana kwa nyaya zake. Waya mwembamba huzuia umeme na kuugeuza kuwa joto. Waya wa shaba wenye eneo la milimita ya mraba 0.5 na urefu wa mita 4, kwenda na kurudi, hupoteza takriban volti 0.7 ukibeba ampea 5. Ule wa milimita 1.5 hupoteza chini ya volti 0.25. Taa huwa hafifu si kwa ubovu wake bali kwa waya.

Mnunuzi ajihadhari pia na waya za alumini zilizopakwa shaba kwa nje. Ncha ikikwaruzwa kwa kisu, ndani huonekana weupe badala ya wekundu wa shaba. Waya hizo hupitisha umeme vibaya na hukatika upesi kwa mtikisiko.

Fyuzi huwekwa ili kulinda waya. Kwa sababu hiyo, mahali pake ni karibu kabisa na betri, na ukubwa wake huzidi kidogo tu mahitaji ya kifaa. Taa mbili zenye jumla ya wati 40 hutumia ampea 3.3, hivyo fyuzi ya ampea 5 inafaa. Rangi husaidia kuzitambua: nyekundu ni ampea 10, bluu ni 15 na manjano ni 20. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, ina ujumbe. Anayeiondoa na kuweka kipande cha waya au karatasi ya sigara amemnyamazisha mlinzi mlangoni, na shoti ikitokea, waya wenyewe ndio utakaowaka.

Kwa vifaa vinavyokula umeme mwingi, kama honi kubwa, rilei ni ya lazima. Swichi ndogo ya usukani haikuundwa kubeba ampea nyingi. Rilei huiruhusu swichi iamuru tu, na umeme mzito upite njia nyingine. Miguu yake ina nambari zinazotumika kote: 30 hupokea umeme wa betri kupitia fyuzi, 87 huupeleka kwenye kifaa, na 85 na 86 ni za amri ya swichi.

Viungo navyo visifungwe kwa kusokotwa na kuzungushiwa utepe. Vibanwe kwa koleo maalumu, kisha vifunikwe kwa mpira unaonywea kwa joto. Waya wa kurudisha umeme ufungwe mahali pa fremu palipokwanguliwa rangi, kwa kuwa rangi haipitishi umeme.

Wezi wa gizani

Vifaa vingine hula umeme hata pikipiki ikiwa imelala. King'ora kinachotumia miliampea 20 humeza karibu nusu ya ampea-saa kwa siku. Betri ya ampea-saa 5 itakwisha kwa siku kumi, na itashindwa kuwasha injini mapema zaidi. Anayesafiri kwenda mashambani kwa wiki mbili akiiacha pikipiki mjini, na aondoe waya wa betri wa upande hasi kwanza. Wakati wa kurudisha, upande hasi uwe wa mwisho.

Chaja za simu ziunganishwe baada ya swichi ya ufunguo, na ziwe na kifuniko cha mvua. Kwa pikipiki za umeme, ambazo zimeanza kuenea katika miji ya Kenya, tahadhari ni kubwa zaidi. Betri zake kuu huwa na volti nyingi kuliko 12, na kuchovya umeme humo moja kwa moja ni hatari. Vifaa vya ziada vichukue umeme kutoka kwenye kibadilishi cha volti 12 kilichowekwa na mtengenezaji, tena kwa ushauri wake.

Mvua, vumbi na chumvi

Geji inayofaa jijini Nairobi huenda isidumu mjini Mombasa, ambako hewa ya chumvi hula shaba, wala Turkana, ambako vumbi hupenya kila tundu. Vifaa vizuri huandikwa herufi IP na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza huhusu vumbi na ya pili maji. IP65 huzuia vumbi kabisa na kustahimili maji yanayorushwa. IP67 hustahimili hata kuzama katika maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Kisicho na alama yoyote kichukuliwe kuwa cha ndani ya nyumba.

Hata kifaa bora hakifai kuelekezewa bomba la maji ya nguvu wakati wa kuoshwa. Grisi kidogo ndani ya viungio huzuia kutu kwa gharama ndogo.

Maswali ya dukani

Katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na kwingineko, bei hutofautiana sana kwa vitu vinavyofanana kwa sura. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mnunuzi mwerevu huuliza mambo yafuatayo kabla ya kutoa pesa:

- Kifaa hiki kinatumia wati au ampea ngapi, na je, kimeandikwa hivyo mwilini mwake?

- Ni cha umeme wa betri au wa koili moja kwa moja?

- Geji inasoma kwa kilomita au maili, na uwiano wake ni upi?

- Boya au kipimo chake kimo ndani ya sanduku, au kitanunuliwa kando?

- Kuna mchoro wa nyaya unaoonyesha rangi na kazi ya kila waya?

- Kina alama ya ubora, na kikiharibika katika miezi ya kwanza kitabadilishwa?

Muuzaji asiyeweza kujibu matatu ya kwanza anauza bahati nasibu. Risiti itunzwe, na mwenye bima asome masharti yake, kwani mabadiliko ya mfumo wa umeme huweza kuleta mabishano ajali au moto ukitokea.

Dalili za hatari

Baada ya kazi, pikipiki haitakiwi kukabidhiwa mwenyewe kabla ya kupimwa. Volti zipimwe injini ikiwa imezimwa, ikiwa imetulia na ikiwa inakimbia, vifaa vyote vikiwa vimewashwa. Zikishuka chini ya 12.6 injini ikikimbia, hesabu haikukamilika. Usukani uzungushwe kushoto na kulia hadi mwisho huku taa zinatazamwa. Zikififia au kuzimika, kuna waya unaovutwa au kubanwa shingoni. Nyaya ziguswe baada ya safari ya nusu saa. Waya wenye joto ni mdogo kwa mzigo wake.

Harufu ya plastiki inayoungua, fyuzi inayokatika bila sababu, taa zinazong'aa na kufifia kwa zamu, na betri inayohitaji kuongezwa maji kila mara, zote ni barua zinazotumwa kabla ya msiba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa pikipiki ukuta wenyewe huweza kuwa pikipiki nzima.

Mapambo hayana ubaya. Pikipiki inayoonekana vizuri usiku, yenye geji inayosema kweli na taa inayomulika njia bila kuwapofusha wengine, ni salama kuliko ilivyotoka kiwandani. Kinachotakiwa ni kalamu na karatasi kutangulia mkoba. Mwenye kujua wati zake atanunua vichache, vitadumu, naye asubuhi ataiwasha pikipiki yake na kwenda kutafuta riziki.